Mwalimu wa Kwaya na Waya Chini ya Zulia

Niseme mapema ili msije mkanisifu kwa bahati mbaya: mtu huyu nilimkosea. Kila nitakalosimulia juu yake lisikilizeni mkijua hilo.

Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu pale Buruburu, na aliifundisha miaka mingi hata watu wakasahau kwamba ana jina. Mkewe alipofariki, tangazo la mazishi lilisema “mke wa Mwalimu”, na hakuna aliyeuliza Mwalimu yupi. Nami nitamwita hivyo hivyo. Nikimtaja kwa jina nitahisi najitia ukaribu nisioustahili.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa tisa. Yeye alifika saa nane, akapanga viti mwenyewe, soprano na alto mbele, teno na besi nyuma, kisha akaketi kwenye kiti cha pembeni na koti lake la kijivu, jua liwe kali namna gani. Ukifika saa tisa na dakika mbili hakukukemea. Alisimamisha wimbo, akakutazama ukitafuta kiti, ukikosa kiti, ukiangusha kitabu, ukiketi, halafu akasema, “Haya, mgeni wetu amefika, tuanze upya.” Wanawake wazima walio na wajukuu walikimbia kutoka steji ya matatu ili wasiitwe wageni.

Nyimbo aliziandika mwenyewe kwa noti za solfa, kwa mkono, nyuma ya kalenda kuukuu. Ukiinua karatasi yako uimbe “Bwana ni mwema”, aliyeketi mbele yako aliona picha ya ng'ombe wa maziwa na mwezi wa Machi.

Na mdomo wake! “Soprano, kwani mmekanyagwa?” “Teno, hii ni sala, si kuitisha abiria.” Siku moja besi mmoja, bwana mkubwa wa ofisi fulani mjini, aliimba kwa madaha akiwa amefumba macho. Mwalimu akanyamazisha kwaya nzima, akamwacha aimbe peke yake mstari mzima bila kujua. Bwana alipofumbua macho Mwalimu akamwambia, “Asante. Sasa tumejua ni nani.” Lakini binti wa bwana huyo alipougua, ni Mwalimu aliyekwenda hospitali kila jioni wiki mbili, akimsomea mtoto hadithi vibaya sana, kwa sauti ya kutangaza ibada.

Sheng aliichukia kabisa. Vijana wakimsalimia “Niaje, Mwalimu,” aliwajibu, “Sijambo, asante, na wewe je?” Na bado nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia muuza mahindi nje ya geti, “Wacha zako buda, hii ni ya jana.” Nilipocheka aligeuka akaniambia, “Kila mlango na ufunguo wake.”

Mimi alinifukuza kwaya nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa besi, kwa maoni yangu. Alinipeleka pembeni, taratibu, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine, akaniambia, “Sauti huna. Lakini nimekuona, mwenzako akikosea unakunja uso kabla yangu. Una sikio. Nenda pale kwenye mitambo, wale watoto wanatuharibia.” Ndivyo nilivyoingia kwenye vipaza sauti na spika, na kutoka hapo nikawa fundi, na leo nina kibanda changu cha kutengeneza redio na televisheni. Ugali ninaokula, yeye ndiye aliyeanza kuusonga. Toka siku ile hakuniita tena kwa jina, aliniita Fundi, hata mbele ya mafundi wa kweli.

Sasa masikio yake. Kabla ya kustaafu Mwalimu alifanya kazi kiwanda cha nguo huko Industrial Area, kwenye vyumba vya mashine za kufuma, miaka ile ambayo hakuna mtu aliyepewa kitu cha kuziba masikio. Aliwahi kuniambia kwamba alikuwa akifundisha kwaya kichwani mashine zikinguruma, kila mashine akaipa sauti yake. Mashine zile zilimla polepole. Alipofika miaka sitini na kitu alikuwa hasikii alto kabisa.

Na hapa ndipo mtu huyu mkali, aliyetufundisha kwamba wimbo wa uongo haupandi juu kupita bati la kanisa, alikuwa mwongo mkubwa. Alificha. Watu wakicheka, naye alicheka, nusu sekunde nyuma yao. Ukimuuliza jambo alijibu, “Hilo tuliombee,” jibu linalofaa karibu kila swali. Mama mmoja wa alto alimuuliza kama amekula, akaambiwa waliombee. Tulijua wote, tukanyamaza. Alifundisha kwa kutazama midomo na koo zetu, na kwa kumbukumbu.

Binti yake, yule anayekaa Kayole, ndiye aliyemnunulia vifaa vya masikio. Akavivaa kwa hasira. Ndani ya kanisa letu, lenye bati juu na kuta tupu, vilimletea kila kitu kwa pamoja: viti, kikohozi, feni, mtoto, na kwaya mahali fulani katikati ya hayo. “Nilikuwa kiziwi,” akaniambia. “Sasa ni kiziwi mwenye kelele.”

Kisha familia moja iliyokuwa ikihamia ng'ambo ikatuachia amplifaya ya kitanzi. Wengi hamjaiona, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo. Ni kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwa vipaza sauti na kuipeleka, si kwenye spika, bali kwenye waya mwembamba uliolazwa sakafuni ukazunguka viti vyote vya mbele, ukaanzia kwenye kisanduku na kurudi pale pale. Mtu mwenye kifaa cha sikio akikaa ndani ya mzunguko huo na kugeuza kiswichi chake, kifaa hunasa ile sauti kutoka kwenye waya moja kwa moja. Hakuna mwangwi wala kikohozi. Anasikia kana kwamba anayeimba amemwekea mdomo sikioni.

Niliulaza waya ule mwenyewe siku nzima, nikiwa nimepiga magoti. Jumamosi Mwalimu akageuza kiswichi, akainua mkono, kwaya ikaanza. Baada ya mistari miwili mkono ukabaki hewani. Akawaendea alto, akasimama mbele ya yule mama aliyeambiwa waliombee, ambaye tangu siku ile tulimwita mama wa maombi.

“Wewe huimba hivyo siku zote?”

“Siku zote, Mwalimu.”

“Miaka yote hii?”

“Miaka yote.”

“Mungu atusamehe,” akasema. Kwaya ikacheka hadi ikalia, naye akacheka wakati mmoja na sisi. Halafu akatoa leso akajifuta uso, akaja hadi kwenye mitambo, akaniwekea mkono begani. Watu wengi wameniwekea mikono begani tangu hapo. Wa siku ile bado nausikia.

Miaka mitatu kwaya yetu iliimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba. Hapo ningependa kuishia. Lakini niliahidi kusema.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa anamwoza binti yake, na kanisa likanunua zulia jipya jekundu. Fundi wa zulia alichelewa, harusi ilikuwa kesho yake, nikajitolea. Kiherehere changu. Nikaazima ile bastola ya kupigia pini, nikapiga pini zulia zima mchana mmoja, mbele, pembeni, ngazini, nikiona raha ya mkono unaojua kazi. Jumapili mwenyekiti akanisimamisha mbele ya kanisa lote. “Huyu ndiye mtoto wa nyumbani,” akasema. Makofi. Nilikaa chini nikiwa nimevimba kichwa.

Jumapili hiyo hiyo Mwalimu alikuja kwenye mitambo. “Fundi, leo sisikii.”

Nikatazama amplifaya. Ina taa tatu: ya kijani ya umeme, ya njano inayoonyesha sauti imeingia, na nyekundu inayoonyesha sauti imetoka kwenda kwenye waya. Kijani ilikuwa inawaka. Njano ilikuwa inacheza na sauti. Nyekundu ilikuwa imezima, na mimi nikasema moyoni kwamba kitaa kimeungua.

“Betri hizo, Mwalimu.”

Akanunua betri mpya. Jumapili iliyofuata akarudi, nikamwambia labda kiswichi. Iliyofuata, nta ya masikio. Iliyofuata, labda anakaa vibaya, asogee kulia. Akasogea. Mtu wa miaka sabini na miwili, mbele ya watu, anahamishwa viti kama mtoto mtundu.

Mngeniuliza: si kuna njia ya kupima? Ipo. Amplifaya ile ilikuja na kisanduku kidogo cha kupimia chenye vipokea sauti vya kuvaa masikioni, ili hata mtu mwenye masikio mazima akae pale kitini asikie mwenyewe. Vile vya masikioni nilikuwa nimevichukua zamani, natumia kusikilizia mpira kwenye simu. Kisanduku kilibaki kwenye droo bila kazi. Kwa hiyo mwezi mzima nilimpima mzee na sikuipima mashine.

Wiki ya tano nilileta mita yangu kutoka kibandani, kimya kimya, siku ya Jumanne, kanisa likiwa tupu. Nikagusa ncha mbili za waya. Mita ikinyamaza maana yake njia imekatika. Ilinyamaza. Nikatazama lile zulia jekundu na pini zangu zote, mamia, nikajua kwamba moja kati ya hizo imepita katikati ya waya.

Basi, mtu mwenye akili angeenda kwa mwenyekiti aseme, “Mzee, nimeharibu, nipe siku moja nibandue zulia.” Ilikuwa aibu ya siku moja. Mimi nikaona lile zulia likibanduliwa mbele ya watu walionipigia makofi. Nikasema nitalishughulikia wiki ijayo. Kila mtu anaijua hiyo wiki ijayo.

Huku Mwalimu akiporomoka. Alikuwa amezoea kusikia, na ule ujanja wake wa zamani wa kutazama koo ulikuwa umekufa. Jumapili moja kwaya ilimaliza wimbo, yeye hakujua. Akaendelea kupiga mkono hewani, ubeti mzima, kwa hisia, macho yamefumbwa, kanisa likiwa kimya. Watoto wakacheka. Kijana wa kinanda akasema nyuma yangu, “Buda ameisha.” Sikumkanya. Nilishusha macho kwenye vitufe vyangu nikajifanya natafuta kitu.

Wazee wakaitisha kikao baada ya ibada, kwa heshima, kwenye chumba cha nyuma, na chai. Mwalimu alikuwepo, kwenye kiti cha pembeni. Mwenyekiti alijikaza, hakuwa mtu mbaya. Alipaza sauti ili Mwalimu asikie.

“Mwalimu, sisi wenyewe hatutaki kukupumzisha. Labda ni mashine. Kama ni mashine, tunangoja itengenezwe, unaendelea. Fundi, ebu tuambie. Mashine iko sawa?”

Wote wakanigeukia. Mwalimu naye, akinitazama midomo.

“Iko sawa,” nikasema. “Taa zinawaka.”

Maneno manne. Na nilihakikisha nimeyatamka vizuri, polepole, ili ayasome.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. “Basi ni mimi,” akasema. Akatoa mfukoni kile chuma chake cha kutafutia noti, alichokigonga kabla ya kila wimbo, akakiweka mezani karibu na vikombe. Kijana wa kinanda akakichukua wiki ile ile. Tulipotoka, Mwalimu alinishika mkono pale mlangoni akaniomba msamaha. Ndiyo, yeye aliniomba mimi. “Nimekusumbua miezi miwili, Fundi, na mashine yako nzima. Niwie radhi.” Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia, “Hamna shida, Mwalimu.”

Akahama Buruburu, akaenda kukaa kwa binti yake Kayole. Nilitengeneza waya baada ya wiki sita. Ilinichukua dakika ishirini. Pini yenyewe ilikuwa karibu na ngazi ya mimbari, na sikuhitaji kubandua zulia zima, nilibandua kona ndogo ya mkono mmoja na kuirudisha, na hadi leo hakuna aliyegundua. Taa nyekundu ikawaka. Nikavirudisha vile vya masikioni kwenye kisanduku cha kupimia, nikakaa kwenye kiti chake, nikasikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Nilisikia hata mama wa maombi akivuta pumzi kabla ya kuingia. Nikavivua upesi, nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka walipomaliza.

Kwenda kumwona ilinichukua miezi minane zaidi. Sina la kujitetea. Mara mbili nilifika hadi Spine Road, karibu na kwao, nikanunua machungwa, nikarudi nayo nyumbani.

Nilipopanda hatimaye, ilikuwa Jumamosi mchana, ghorofa ya nne. Binti yake alinifungulia, akafurahi kuniona, jambo lililonizidishia uchungu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye veranda chini ya nguo zilizoanikwa, na koti lake, amekonda. Masikioni hakuwa na kitu.

“Vifaa vyake viko ndani ya mkebe,” binti akaniambia. “Amekataa kuvivaa. Anasema vilikuwa vya kazi.”

Mzee akanishika mikono miwili. “Fundi! Kwaya haijambo?”

Nilikuwa nimeandika yote kwenye simu, kwa uoga wangu, nikijua hasikii. Nikampa. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akanirudishia. “Macho nayo yamestaafu. Sema kwa mdomo.”

Nikasema. Hakusikia. Nikapaza. Akaegemea mbele, kiganja nyuma ya sikio. “Ati?”

Basi nikapiga kelele. Nyumba za kupanga za Kayole ziko uso kwa uso, mtu akipiga chafya huku anaombewa afya jengo la pili. “MWALIMU, MASHINE ILIKUWA IMEHARIBIKA! MIMI NDIO NILIKATA WAYA! NILIJUA! NILIDANGANYA KWENYE KIKAO!” Redio ya jirani ikapunguzwa. Mwanamke aliyekuwa akifua ghorofa ya chini akanyoosha mgongo akatazama juu. Binti yake alikuwa mlangoni na sahani ya machungwa yangu, akasimama hapo hapo. Ilibidi niirudie mara ya pili, neno kwa neno, kwa sababu aliniuliza, “Ulijua kabla ya kikao au baada?” nami nikapiga kelele, “KABLA!”

Akarudi nyuma kwenye kiti. Akatazama nguo zilizoanikwa. Nilidhani atanifukuza. Kusema kweli nilikuwa natamani anifukuze.

“Huyu binti,” akasema, “alinipeleka hospitali wiki ile kabla ya kikao. Daktari akanipima, akanifungia kwenye kile chumba chao kisichoingia sauti. Akaniambia, mzee, masikio yako hayajabadilika hata kidogo, waambie kanisani waikague hiyo mashine.”

Binti yake aliinamisha kichwa. Alikuwa anaikumbuka siku hiyo.

“Kwa hiyo kwenye kikao sikuwa nawangoja wazee,” akasema. “Nilikuwa nakungoja wewe. Uliposema iko sawa, nikajua daktari ananibembeleza kwa sababu ya uzee. Nilimkatalia daktari, Fundi. Nikakuamini wewe.”

Hakupaza sauti. Jengo zima lilikuwa limenisikia mimi, lakini hayo aliyosema yeye tuliyasikia mimi na binti yake tu.